Tumwombee Dada Yetu Anayeshuka Kahe

"Na wewe, unataka kujua ili iweje?"

Niliulizwa swali hilo asubuhi moja kule Kibosho, mwanangu, nikiwa nimesimama katikati ya migomba ya watu, viatu vyangu vya mjini vimejaa tope. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu: serikali, Kanisa, bei ya kahawa, hata jinsi Bibi yangu alivyopika mtori. Swali hilo dogo lilinishinda, nikageuka nikaondoka.

Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Mimi ni mama yako wa ubatizo. Nilikushika siku ile ukalia mpaka padri akacheka, na nadhani hiyo inanipa haki ya kukukaripia walau mara moja. Leo ndiyo siku yenyewe.

Jana ulinitumia ujumbe kutoka kwenye kikundi cha WhatsApp cha jumuiya yenu. Nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. "Wapendwa, tumwombee binti yetu aliyerudi kutoka Dar katika hali tunayoijua, Mungu amfunike." Chini yake mikono iliyokunjwa kwa sala, na amina zimepangana kama matofali. Halafu wewe ukaongeza maneno yako: "Mama, umeona hii? Unadhani ni nani?" Ukaweka na kikatuni kinachocheka.

Sikukujibu jana kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na matusi ndani yake. Leo bado nina hasira, ila nimeamua kuiandika vizuri. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Likizo ile ninayokuambia, jumuiya yetu ilisali kwetu. Unaijua desturi yenyewe: wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, Jumamosi asubuhi kabla watu hawajaenda kukata majani ya ng'ombe. Mabenchi yalipangwa uani, picha ya Bikira Maria ikawekwa juu ya kitambaa cheupe ambacho Bibi alikiosha mwenyewe kwa sababu hakuniamini. Tukasali rozari, tukasoma Injili, kisha ukafika wakati wa nia. Kila mwenye ombi analitoa kwa sauti, anamaliza na "Ee Bwana," na wote tunaitikia, "Twakuomba utusikie."

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Melki, jirani wa upande wa juu. Sitakuchorea mtu mwovu, maana hakuwa mwovu. Ukifiwa, ndizi zake ndizo zilizofika kwanza. Mwanawe wa kwanza, Melki, alikuwa seminari kuu huko mbali, na kila Jumamosi alimwombea adumu katika wito. Siku Melki alipoondoka, kijiji kizima kilikula mbuzi. Mama yake alitembea wiki nzima kama mtu aliyebeba kitu kichwani ambacho hataki kidondoke.

Asubuhi ile alimwombea Melki kama kawaida. Tukaitikia. Akaombea mvua. Tukaitikia. Kisha akashusha sauti, ile sauti ya huruma ambayo mpaka leo nikiisikia mwili unanisisimka, akasema:

"Tumwombee dada yetu, mchumba wa mtu, ambaye kila Alhamisi anashuka Kahe na kuingia katika nyumba ya mwanaume na kufunga mlango. Mungu amrudishe kabla ndoa takatifu haijachafuliwa. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," tukasema. Wote. Na mimi msomi wa kuhoji kila kitu nikasema. Mdomo ulishazoea.

Hakutaja jina. Jina la nini? Msichana mmoja tu pale kwetu alikuwa na uchumba uliotangazwa kanisani, na msichana huyohuyo alishuka sokoni Kahe, kule chini tambarare, kila Alhamisi kuuza ndizi na kurudi na vitunguu. Aliitwa Flaviana. Jumapili iliyopita paroko alikuwa amesoma jina lake na la Deo kwa mara ya kwanza, akamaliza kama wanavyomaliza siku zote, kwamba mwenye kujua kizuizi aje aseme. Flaviana mwenyewe hakuwepo asubuhi ile; ng'ombe wao alikuwa anazaa. Mama yake alikuwepo. Alikaa benchi la nyuma na rozari mkononi, na aliitikia kabla hajaelewa alichokuwa anaitikia. Niliona uso wake ulipoelewa.

Baada ya sala ilikuja chai. Bibi yangu alimpa Mama Melki kikombe, akakaa mbele yake.

"Mama Melki, Mungu ameshasikia?"

"Amesikia, Bibi, tunaamini."

"Basi hizo habari za Alhamisi na za Kahe zilikuwa za nani? Mungu alikuwa hajui siku?"

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko kile cha kutafuta pa kujificha. Mmoja akasema, "Bibi naye! Uzee huo, kunywa chai."

"Nimekuuliza wewe?" Bibi akasema. "Namuuliza mwenyekiti. Umeona kwa macho yako?"

"Mimi nimeambiwa na mtu," Mama Melki akasema. "Na padri si ametangaza? Mwenye kujua aseme. Kunyamaza ni dhambi, Bibi. Na nikuambie kingine. Kila Jumatano jioni yule binti anakuja kwangu kuchukua maziwa. Kwangu! Na kwao wana ng'ombe wawili. Anayapeleka wapi? Mtu mwenye maziwa kwao anatafuta nini kwa jirani, kama hafichi kitu mama yake asijue?"

Hapo benchi zima likaguna. Maziwa yaliwashinda hata waliokuwa na mashaka. Bibi alinyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa mwenyekiti mwaka ule.

Mwanangu, hakuna hata mmoja aliyeshuka Kahe kuangalia. Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kahe si ng'ambo ya bahari. Unateremka mjini, unapata gari, unafika kabla jua halijawa kali. Watu waliokuwa wepesi wa kusali juu ya jambo lile wangeweza kwenda kumuuliza Flaviana mwenyewe, kwao, mlango wa tatu kutoka kwetu. Hawakwenda. Na yule "mtu" aliyemwambia Mama Melki hajapatikana mpaka leo. Kila umbeya una mtu wa namna hiyo, anaona kila kitu na hana sura.

Jioni ile mama yake Deo alikuwa ameshapata habari, naye alikuwa jumuiya nyingine kabisa, upande wa pili wa mto. Jumapili iliyofuata tulikaa kanisani, paroko akasoma matangazo ya ndoa. Akasoma majina ya watu wengine, akafunga karatasi. Flaviana alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, na sare yake ya kitenge. Watu walisubiri aondoke ili wapate cha kusema. Hakuondoka. Aliimba mpaka mwisho.

Kesho yake ndiyo nilikwenda kwao na viatu vyangu vya mjini. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, na hasira ya namna hiyo ni tamu, inakufanya ujisikie mwema. Nilimkuta anakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Nikamwambia mambo waliyofanya ni ya kishenzi. Nikamwambia ajitetee.

"Deo amekuja jana," akasema. "Amesema nimwambie tu nakwenda kwa nani. Nimemwambia aniamini. Ameomba muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kuongea na mama yake." Akacheka peke yake, akaendelea kukata.

"Basi sema, Flavi! Kama hakuna kitu kibaya, sema. Unakwenda kwa nani? Niambie hata mimi, mimi nitawanyamazisha."

Akasimamisha panga. Akaniangalia kwanza viatu, kisha uso.

"Na wewe, unataka kujua ili iweje?"

Nikainama kukwangua tope kwenye kiatu.

"Siri si yangu, dada wa chuo. Ningekuwa na yangu ningekupa uchezee. Wewe na Mama Melki mnatofautiana nini? Yeye anachimba kwa rozari, wewe unachimba kwa digrii."

Sikumpenda siku ile. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba Flaviana ni mkaidi, na kwamba mtu asiye na kosa hana sababu ya kuficha. Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Nawe umeshaanza," akasema. Maneno mawili tu, na nilihisi kama amenizaba kofi, kwa sababu lile benchi lote la Jumamosi lilikuwa limesema sentensi hiyohiyo.

Ndoa haikufungwa. Deo alioa mwingine mwaka uliofuata. Flaviana alihamia mjini, mtaa wa Soweto, akapanga chumba, akaanza kushona nguo. Jumuiya iliendelea kusali. Tena nakumbuka walimwombea safari njema.

Sasa sikiliza. Miaka kadhaa baadaye, Desemba, wakati watu wote wanarudi nyumbani na barabara ya Kibosho imejaa magari ya Dar yanayokwama kwenye mawe, mwanaume mmoja mwembamba alipanda kilima kwa miguu na begi mgongoni. Alikuwa Melki. Hakuwa padri. Hakuwa amekanyaga seminari kwa muda mrefu sana. Alikuwa ameacha mapema, kwa hiari yake, na akaogopa kurudi kwa sababu ya yule mbuzi na ile furaha ya mama yake. Alikwenda Kahe, akawa kibarua wa mashamba ya vitunguu, akapanga chumba nyuma ya mfereji. Huko kifua kikuu kikamkamata. Flaviana alimkuta sokoni Alhamisi moja, amekaa chini, anakohoa, hawezi kubeba gunia. Melki alimwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa mama yake, mpaka apone na aweze kusimama mbele yake mwenyewe. Dawa zile ni za miezi, na ukizimeza bila chakula zinakuangusha. Flaviana akampelekea chakula.

"Na mlango?" nilimuuliza. Siku zote mimi lazima niulize.

"Vumbi," Melki akasema. "Umewahi kukaa Kahe mwezi wa tisa? Usipofunga mlango unakula mchanga."

Alikuwa hajui lolote kuhusu kilichovunja ile ndoa. Flaviana hakuwahi kumwambia. Alimwambia tu kwamba yeye na Deo waliona bora kuachana. Na Alhamisi ile ya kwanza baada ya jina lake kuachwa kanisani, alishuka Kahe kama kawaida, akampikia, akamuuliza kama amemeza dawa.

Najua utaniuliza, maana nimekufundisha mwenyewe kuuliza: na wewe Mama, hapa si unamsema Flaviana? Swali zuri. Kabla ya kuandika nilimpigia simu Soweto. Nilisikia cherehani ikisimama. Nikamweleza kuhusu ujumbe wako. Akaniuliza lilelile, kwa sauti ileile: "Unataka kuandika ili iweje?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimwambia, "Ili binti yangu asiutume mbele."

"Haya," akasema. "Badilisha majina. Na maisha yangu ya sasa usiyaguse." Kwa hiyo nimebadilisha majina, na kama ana mume au hana, kama ana watoto au hana, hutayapata kwangu.

Mwanangu, unajua mimi na Kanisa tunagombana. Nina maswali ambayo mapadri watatu wameshindwa kuyajibu na wa nne ananikwepa. Lakini juu ya jambo hili sina ubishi nalo hata kidogo. Amri ya nane, ile ya kutosema uongo juu ya jirani, uliikariri kabla ya Kipaimara, nilikusikia mwenyewe. Usidhani inahusu mahakamani tu. Inahusu benchi la uani na inahusu simu yako. Tena usifikiri umepona kwa sababu ulichosema ni kweli. Flaviana kweli alishuka Kahe. Kweli aliingia nyumba ya mwanaume. Kweli alifunga mlango. Kweli alichukua maziwa. Kila kipande kilikuwa kweli, na vikaunganishwa na watu wenye haraka vikawa uongo uliovunja nyumba kabla haijajengwa. Hivyo usiniambie "lakini ni kweli." Ukweli wa mtu si mali yako kwa sababu tu umeuokota njiani.

Nawe ukiwa na mashaka juu ya mtu, Yesu alishatuonyesha pa kuanzia: unakwenda kwake, wewe na yeye, bila shahidi wala hadhira. Ukiona huna ujasiri wa kwenda, basi huna haki ya kusema. Ukitaka kumwombea, ingia chumbani umwombee. Mungu anajua mtaa, anajua siku, anajua mlango ulifungwa kwa sababu gani. Padri anayesikia maungamo anakwenda na siri za watu mpaka kaburini, na sisi tunamsifu kwa hilo, kisha tunatoka kanisani na hatuwezi kutunza siri ya jirani mpaka getini! Sala yenye anwani ni umbeya uliovaa nguo za Jumapili. Nakataa kuuita jina jingine.

Na kuna jambo moja gumu zaidi, ambalo limenichukua miaka. Kutosema si kazi pekee. Kuna na kutouliza. Swali lako la jana, "unadhani ni nani," halina tofauti na ile amina. Mimi napenda maswali, nimeyafanyia kazi maisha yangu yote. Ila siku hizi kabla sijamuuliza mtu jambo lake, najiuliza kwanza lile la Flaviana. Mara nyingi nagundua nilikuwa na njaa tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ufute ule ujumbe. Kisha andika kwenye kile kikundi, kwa jina lako, kwamba hukubaliani nao. Watakuita mjuaji. Watakuambia kuishi Dodoma kumekuharibu. Acha waseme. Halafu yule binti aliyerudi kutoka Dar, kama unamjua na kama mlikuwa marafiki, mpelekee kitu cha kula, na ukifika usimuulize kitu.

Mungu akulinde mdomo, mwanangu, na akulinde masikio, na akupe rafiki mmoja kama Flaviana kabla hujamhitaji. Na wewe akufanye uwe huyo kwa mtu mwingine. Amina, na hii ni amina ya kweli.

Jambo la mwisho nimelijua Desemba iliyopita tu. Nilipita kwa Mama Melki kumwamkia. Amezeeka, uenyekiti ameuacha, anakamua ng'ombe akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," akasema, na bila mimi kumuuliza akaanza kunisimulia siku aliyokwenda Soweto kuomba msamaha. Alikuwa ameshika jani la sale, lililokatwa mpakani mwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Kwetu mtu akikujia na jani hilo humrudishi. Flaviana alilipokea, akamkalisha, akampa chai. Ndipo Mama Melki akamuuliza kitu kimoja ambacho hakikuwahi kumtoka akilini: kwa nini alikuwa anakuja kuchukua maziwa kwake kila Jumatano, na kwao yalikuwepo?

Flaviana alimjibu kwamba Melki alikuwa hali kitu, kila alichopewa alikisukuma pembeni. Akafikiri labda angekunywa maziwa ya kwa mama yake.

Akayanywa.